Saa Moja na Nusu

Simu inasema kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka ule wa Dar es Salaam ni kilomita mia nane na ushei kwa njia ya angani, na kwamba safari ni saa moja na nusu, pengine pungufu kidogo. Niliisoma sentensi hiyo mara nne. Nilikuwa nimekaa sakafuni, faili la vyeti limefunguka mapajani, natafuta kitambulisho, kwa sababu Pendo, mdogo wangu, alikuwa amenikatia tiketi na kunionya kwamba bila kitambulisho hawanipandishi. Shangazi yetu alikuwa amefariki Dar, mazishi keshokutwa. Kitambulisho nilikipata. Ila kabla yake kilianguka kitu kingine: mfuko wa karatasi uliokuwa mweupe zamani, una picha ya ndege upande mmoja, na ndani yake bado kuna harufu ya penseli.

Nilinusa, nikabaki pale pale sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Niseme wazi kabla hamjaanza kunihurumia: mimi nilikuwa mtoto mwenye wivu. Si wivu wa kuchekesha, ule wa kununa leo na kusahau kesho. Nilimwonea Pendo wivu mpaka tumbo likawa linauma kweli, Mama ananipa maji ya chumvi akidhani ni minyoo. Na kwa wivu huo nilifanya jambo ambalo Mama alikufa bila kulijua.

Nilikulia Shelui, pale pale barabarani. Mama alikuwa na kibanda cha chakula cha madereva, Baba alikuwa fundi pancha upande wa pili wa kibanda hicho hicho, na harufu ya utoto wangu ni breki zilizoungua za malori yaliyotoka kuteremka mlima wa Sekenke, zimechanganyika na mafuta ya alizeti ya Mama. Kilomita hatukuzijua. Kwetu mahali palipimwa kwa saa. Nzega saa moja na nusu. Singida saa mbili, gari likiwa zima. Siku hizi vijana wanasema “lisaa limoja” wakitaka kutaja urefu wa safari. Sisi hatukuwa na lisaa. Saa ya kuondoka na saa ya kusafiri zote ziliitwa saa, na msikilizaji alielewa mwenyewe unamaanisha ipi.

Ndege tulizijua kwa chini tu. Kulikuwa na moja iliyokuwa ikipita juu yetu asubuhi, si kila siku, ndogo, inaacha mstari mweupe nyuma yake. Sisi watoto tulikuwa tunaacha ndoo njiani tunapiga kelele, “Ndegeee! Niletee viatu!” Mimi nilipiga kelele kuliko wote. Nilikuwa na miaka kumi na moja, wa kwanza darasani, nachota maji, nasonga ugali wa watu kumi, na moyoni nilikuwa nimeshajiandikisha kwamba mtu wa kwanza kupanda ndege katika nyumba yetu ni mimi. Nani mwingine? Pendo?

Pendo alikuwa na miaka saba na hakuna alichokuwa anafanya. Alikuwa anacheza na vifuniko vya soda chini ya meza za wateja, na madereva wanamletea biskuti. Mimi niliyewabebea sahani sikuwahi kuletewa hata pipi. Kwenye jicho lake la kushoto alikuwa na kidoa cheupe kama tone la maziwa, na watu walikuwa wakiinama kukitazama. Mimi nilidhani wanamshangaa uzuri.

Sasa, msimu mmoja wa kupiga alizeti alikuja Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa nesi Mwanza. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, anayenukia sabuni. Siku ya kwanza tu alimpakata Pendo, akamziba jicho la kulia kwa kiganja, akanyoosha vidole. “Vingapi?” Pendo akasema vitatu. Vilikuwa vidole viwili. Akanyoosha vinne, Pendo akasema vitatu tena, akacheka. Mimi nilikuwa pembeni nawaza, huyu hesabu hajui, na bado anapakatwa.

Shangazi hakucheka. Alimgeukia Baba akasema, “Huyu ni mtoto wa jicho, mdogo wangu. Huyu ni wa kupelekwa Dar, tena mapema.”

Mtoto wa jicho. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kinyiramba, na Kiswahili cha hospitali sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni Kiswahili cha kanisani, ambako mchungaji wetu kila Jumapili alitukumbusha kwamba sisi ni mboni ya jicho la Mungu, yaani wapenzi wake asioweza kuwaachia. Nikaunganisha hapo hapo. Kumbe katika kila nyumba anachaguliwa mmoja awe mtoto wa jicho, na kwetu ameshachaguliwa, na aliyechagua ni Shangazi mwenye cheti.

Nilimfuata Mama jikoni. “Mama, na mimi ni mtoto wa jicho?”

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. “Ishindwe! Wewe huna kitu kama hicho, na usijitakie.”

“Kwa nini awe Pendo tu?”

“Mungu ndiye anajua. Nenda kalete kuni.”

Nilienda kuleta kuni nalia njia nzima.

Jioni ile nikasikia na mengine. Shangazi alikuwa anatumwa na kazini kwake kwenda semina Dar, kwa ndege, na Pendo atakwenda naye. Kwa ndege! Sababu ilikuwa kwamba Pendo na basi haviivi. Akifika Misigiri tu, hapo juu ya mlima, ameshatapika mpaka nyongo, na daktari wa macho alikuwa na siku yake maalumu ya kupokea watoto, asingemngoja mtu aliyelazwa kwa kutapika. “Tena siyo mbali,” Shangazi alisema. “Mwanza mpaka Dar, saa moja na nusu tu.”

“Saa moja na nusu?” nikadakia. “Kama Nzega?”

“Kama Nzega, mwanangu.”

Nzega! Yaani kwa muda ule ambao mimi ningekuwa kwenye lori la mchele nafika Nzega na vumbi puani, Pendo atakuwa ameshashuka Dar es Salaam na soksi zake nyeupe. Nikauliza kwa sauti ya kinyonge, “Na mimi?” Watu wazima wakacheka wote. Shangazi akanishika shavu. “Wewe mkubwa, tena una akili. Utapanda yako mwenyewe ukimaliza chuo.” Ndiyo raha ya kuwa na akili, unaambiwa usubiri.

Wiki mbili zilizofuata nyumba yetu ilikuwa ni Pendo tupu. Gauni la njano likashonwa. Viatu vikanunuliwa mnadani. Madereva wakawa wanamwita rubani. Mama alikuwa anamwogesha kwa maji ya moto mimi naoga ya baridi. Nilimfinya Pendo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, pale kwenye nyama ya mkono kwa ndani pasipoacha alama, naye hakuwahi kushtaki. Hilo nalo liliniudhi. Usiku tulilala kitanda kimoja, na kila usiku aliniambia jambo lile lile: “Dada, nikiwa juu nitakupungia. Uniangalie.” Nikamgeuzia mgongo.

Mpango ulikuwa hivi. Ndege ni Alhamisi saa kumi jioni. Baba na Pendo watapanda basi la alfajiri hapo Shelui, watafika Mwanza mchana, Shangazi atawapokea stendi waende uwanjani. Kila kitu kilikuwa tayari. Jumatano, kama saa saba mchana, Baba alikuwa chini ya lori, inaonekana miguu tu. Mama alikuwa kisimani. Mimi nilikuwa nalinda sufuria la maharage na simu ya Baba, kitochi kilichofungwa kwa mpira wa tairi. Pendo alikuwa chini ya meza na vifuniko vyake.

Simu ikaita. Shangazi alikuwa mtu wa kuamini kwamba aliye mbali lazima umpigie kelele, hata kwenye simu.

“Eliza! Baba yako yuko wapi?”

“Shikamoo Shangazi. Yuko chini ya lori.”

“Marahaba. Sikiliza vizuri, naingia zamu sasa hivi, simu inabaki kabatini. Ndege wameibadilisha. Siyo jioni tena. Ni kesho saa moja na nusu asubuhi. Umesikia? Asubuhi! Wapande basi la leo, hilo la saa nane, walale kwangu. Hebu sema nilivyosema.”

“Saa moja na nusu asubuhi. Wapande basi la leo.”

“Ndiyo maana nakupenda, una kichwa wewe. Haya.”

Naapa nilipoiweka ile simu mezani nilikuwa nakwenda kumwambia Baba. Nilishaanza kutembea. Lakini Baba naye akawa anatoka chini ya lori, anajifuta grisi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuita, “Rubani wangu yuko wapi?” Hakuniona mimi niliyesimama mbele yake na mwiko mkononi.

“Nani alipiga?” akauliza baadaye.

“Shangazi.”

“Anasemaje?”

“Anasema ndege ni saa moja na nusu.”

Neno lililobaki lilikuwa mdomoni, nalihisi kabisa. Baba akaangua kicheko. “Huyu dada yangu naye! Si ameshatuambia hilo mara mia? Mwanza Dar saa moja na nusu, Mwanza Dar saa moja na nusu. Kapanda ndege mara moja basi hatupumui!” Mama akafika na ndoo kichwani, akauliza kuna nini. Baba akamjibu, “Wifi yako kapiga kutusifia ndege.” Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka. Nikalimeza lile neno, likashuka.

Sikuwa nimesema uongo. Hilo ndilo nililojiambia nikikoroga maharage. Niliambiwa ni saa moja na nusu, nimesema ni saa moja na nusu.

Saa nane basi la Mwanza likaja, likasimama mbele ya kibanda chetu. Lilikaa pale kama dakika kumi, watu wananunua mayai na vitunguu kwa madirishani. Kutoka nilipokuwa mpaka mlangoni mwake ni hatua thelathini, nimezihesabu baadaye mara nyingi. Pendo akatoka chini ya meza, akasimama kando ya barabara, akalitazama basi, akanitazama mimi, akamwita Baba.

“Baba, tunapanda hili?”

“Hapana, rubani. Letu la kesho.”

Pendo akanitazama tena. Mimi nikainama nikapuliza moto. Niliposimama basi lilikuwa limeondoka, na simu ya Baba jioni ile ikaisha chaji, na umeme Shelui nzima hakuna. Shangazi alikuja kusema alipiga mpaka kidole kikauma.

Wakaondoka alfajiri, gauni la njano na soksi nyeupe. Saa moja na nusu nilikuwa njiani kwenda shule. Ile ndege ya asubuhi ikapita juu, mstari wake mweupe nyuma. Wenzangu wakaanza kuruka, “Pendo huyooo! Pendo!” Nikaitazama nikasema moyoni, pita, haumo. Na nilifurahi. Sitawadanganya. Nilifurahi, na mchana nilikula nikashiba.

Mchana ule ule jirani mwenye duka akaja na simu yake: Baba amepiga kutoka Mwanza, ndege imewaacha, iliondoka asubuhi, Shangazi ameshakwenda kwa kuwa semina haimngoji mtu, hela ya tiketi ya Pendo imepotea. Kesho watapanda basi kwenda Dar. Mama alijipiga mapajani akakaa chini. “Jicho la mwanangu,” alikuwa anasema, “jicho la mwanangu.” Nikamwuliza jicho limefanyaje. Akaniambia, kwa Kinyiramba, kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: mdogo wako jicho hilo halioni, wewe hujui? Mtoto wa jicho ni ugonjwa. Ukichelewa, linazoea giza.

Maharage ya jana yalikuwa bado kwenye sufuria. Nakumbuka niliyatazama tu.

Sasa, basi la kutoka Mwanza kwenda Dar linapita wapi? Linapita Shelui. Kesho yake, kama saa sita, likasimama palepale, mbele ya kibanda. Pendo alikuwa dirishani. Gauni la njano lilikuwa limechafuka kifua kizima, midomo imekauka, na kutoka Mwanza mpaka pale alikuwa hajafika hata nusu ya njia. Mama akapanda ndani na maji na limau. Mimi nikasimama chini ya dirisha, kichwa changu kinafikia magoti yake.

Pendo akainama. Akaniambia polepole, “Dada, sijasema.”

Nilidhani anazungumzia kutapika, kwamba hajamwambia Baba ameharibu gauni. Nikamwambia, “Usijali, litafuliwa.” Akanitazama kwa lile jicho lake zima, akakubali kwa kichwa. Basi likaondoka, akawa ananipungia mpaka likaanza kupanda kuelekea Sekenke.

Waliingia Dar usiku, na hospitali wakaambiwa siku ya watoto imepita, majina yameshafungwa, wasubiri zamu nyingine. Baba akarudi. Pendo akabaki kwa ndugu wa mumewe Shangazi, akangoja miezi. Mvua zikanyesha, tukapanda, tukapalilia, kitanda kizima ni changu na sikukipenda. Hatimaye akapasuliwa. Kidoa kikaondoka, jicho likawa jeusi zuri kama lingine, ila halikurudi kuona sawasawa. Linaona mwanga na kivuli cha mtu. Herufi halioni. Mama alisema daktari alimwambia Shangazi kwamba mtoto alichelewa. Alichelewa miaka, au ile miezi? Mama hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza. Mpaka leo sijauliza.

Safari ya kurudi Shangazi alimfuata Dar, akampandisha ndege mpaka Mwanza, akamleta mwenyewe mpaka Shelui. Pendo alishuka na kibandiko cha hospitali jichoni, akanikimbilia mimi kwanza, akatoa kwenye mfuko wa sweta kitu kilichokunjwa vizuri. Mfuko wa karatasi una picha ya ndege.

“Kila mtu anapewa,” akasema. “Nimekutunzia. Sikutapika.”

Sikuelewa kutapika kunaingiaje. Nikauchukua, nikatia penseli zangu, nikawa naingia nao darasani kichwa juu, mfuko wa ndege, na miaka miwili ikapita kabla mwalimu mmoja hajacheka hadi machozi na kunieleza kwamba ni mfuko wa kutapikia. Lakini siku ile, mdogo wangu akiwa na kibandiko usoni, bado niliona wivu. Nilimwuliza, “Mawingu yakoje?” Akasema, “Yako chini.” Nikaenda nyuma ya choo nikalia. Nilikuwa nalia kwa ajili ya jicho lake, nikalia pia kwa ajili ya mawingu, na sikuweza kuvitenganisha.

Jioni Baba na dada yake wakaanza. Baba alisema, “Wewe msomi mzima, unashindwa kusema asubuhi?” Shangazi akajibu, “Nilisema.” Wakaniita. Nikasimama katikati yao, mikono nyuma.

“Eliza,” Baba akasema, “Shangazi alikuambiaje siku ile?”

“Alisema ndege ni saa moja na nusu.”

Shangazi alinitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, “Basi labda simu ilikata.”

Baba hakusahau. Kila alipoona jicho la Pendo linapapasa alisema, “Neno moja tu lilimshinda dada yangu.” Shangazi hakuja tena Shelui. Alihamia Dar, na kila mwaka mpya alituma vifurushi viwili, kimoja cha Pendo, kimoja changu. Changu siku zote kilikuwa na kalamu nyingi na daftari moja zuri. Sikuwahi kuandika humo kitu.

Watoto hukua. Pendo ni mwalimu Mwanza, mimi nina duka la vitambaa huko huko, tunaishi mitaa miwili. Yeye hupanda ndege mara kwa mara kwa mambo ya kazi. Mimi mpaka juzi nilikuwa mtu wa basi. Watu wakiniuliza nilisema naogopa.

Nikiwa pale sakafuni na mfuko wangu nilifungua ramani kwenye simu, nikafuata ule mstari wa Mwanza mpaka Dar. Haupiti Shelui. Unapita kaskazini kabisa, huko juu ya Mkalama na Hanang, tusingeuona hata kama tungepanda juu ya bati. Nikatafuta kujua ile ndege yetu ya asubuhi ilikuwa ipi. Zinazopita juu ya Shelui nyingi zinatoka Kigali. Miaka yote ile nilikuwa nawaonea wivu watu wa Kigali.

Kesho yake tukapanda. Pendo aliniachia kiti cha dirishani, kulia kwake, upande anaoona. Alinifunga mkanda kama mtoto. Ndege ikapaa, ziwa likainama, na sauti ya mhudumu ikatutangazia kwamba safari yetu itachukua muda wa saa moja na nusu.

Pendo alikuwa ameegemea kiti, macho yamefumbwa. Akasema, “Asubuhi, Dada.”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Unasemaje?”

“Saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa chini ya meza. Shangazi alikuwa anapiga kelele, nani asingesikia?”

Masikio yangu yaliziba, sijui ni ndege au ni mimi. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

“Ungechapwa,” akajibu, kana kwamba bado tuna miaka ile. Akafumbua macho. “Nilimwambia Shangazi tu. Kule Dar, tukingoja hospitali.”

“Kwa hiyo alipokuja Shelui…”

“Alikuwa anajua.”

Aliposema labda simu ilikata, alikuwa anajua. Kalamu zote zile, alikuwa anajua.

“Aliniambia nisikuguse,” Pendo akasema. “Alisema, mwache, ana kichwa yule, atasema mwenyewe. Kila nilipompigia aliniuliza, Eliza ameshasema? Mpaka mwezi uliopita aliniuliza.”

Mngetegemea niseme kwamba nilijuta. Nilijuta, ndiyo. Lakini kilichotangulia, Mungu anisamehe, kilikuwa wivu: kwamba wao wawili walikuwa na siri yao miaka yote, siri inayonihusu mimi, na mimi sikuwemo. Hata huko walikwenda bila mimi. Nikageukia dirisha ili asinione. Mawingu yalikuwa chini, kama alivyosema.

Dar tulikuta turubai limefungwa na viti vya plastiki vimejaa. Baba alikuwa ameingia jana yake kwa basi kutoka Shelui. Amezeeka, na kelele za kompresa za kujaza upepo kwa miaka mingi zimemmaliza masikio. Nilipiga goti mbele yake.

“Shikamoo Baba.”

“Marahaba. Mmefika salama? Mmetumia muda gani huko angani?”

“Saa moja na nusu.”

Akatikisa kichwa, akatazama chini. “Saa moja na nusu. Jamani, dada yangu huyu. Neno moja tu lilimshinda.”

“Halikumshinda, Baba. Alilisema.”

“Eh?”

“Alisema asubuhi. Mimi ndiye sikulifikisha.”

Baba akanitegea sikio, kiganja nyuma yake. “Sema kwa nguvu, mama. Sisikii.”

Watu walikuwa wameanza kugeuka. Wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu waliacha visu. Pendo alikuwa amesimama nyuma yangu, na hakunisaidia. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kama Shangazi alivyokuwa akipiga kwenye simu.

“Shangazi anasema ndege ni saa moja na nusu asubuhi! Mpande basi la leo!”